Foklifti ya umeme au ya dizeli: namna ya kuchagua kwa ghala la Unguja au Pemba

Kabla ya kuuliza bei, kagua mahali foklifti, yaani gari la kunyanyulia mizigo, itakapofanyia kazi, kwa kuwa sakafu, paa na saa za kazi ndivyo vinavyoamua, kuliko maneno ya muuzaji.

Mwenye ghala la karafuu lililofungwa, lenye sakafu ya saruji iliyo sawa, namshauri bila kusita achukue ya umeme. Moshi wa dizeli una kaboni monoksidi, ambayo wachukuzi huivuta bila kuiona wala kuinusa, na masizi yake hutua juu ya magunia ya bidhaa ambayo thamani yake yote imo katika harufu. Kwa yadi ya kokoto inayotuama maji wakati wa masika, dizeli bado ndiyo inayofaa, tena tangi lake hujazwa kwa dakika chache.

Ukielekea kwenye umeme, fikiria betri kwanza. Betri ya risasi na asidi hufanya kazi kiasi cha saa 8, huchajiwa saa 8 na hupoa saa 8 nyingine, hivyo ghala lenye zamu mbili huhitaji betri ya pili pamoja na winchi ya kuibadilishia. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi, kwa hiyo tenga mahali penye hewa ya kutosha na upige marufuku sigara. Maji ya betri yaongezwe baada ya kuchaji, kwani yakitiwa kabla, asidi hupanuka na kumwagika. Betri ya lithiamu haihitaji maji na huchajika hata wakati wa chakula cha mchana, ila bei yake ni kubwa.

Unguja hupata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na hitilafu ya waya huo iliiacha gizani kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009. Waya mwingine uliongezwa mwaka 2013. Hata hivyo, hakikisha jenereta yako inaimudu chaja.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike kuiona ikinyanyua pakacha. Ichajiwe usiku kucha, kisha ifanye kazi zamu nzima ikiwa na mzigo, kwa sababu betri iliyochoka huonesha imejaa asubuhi na kuzimika kabla ya adhuhuri.