Umepoteza ufunguo wa gari Nairobi? Soma kabla hujampigia fundi

Usivunje kioo, na usikubali mtu aiguse swichi kwa bisibisi. Gari la siku hizi haliwaki kwa chuma cha ufunguo peke yake. Ndani ya kichwa cha plastiki mna chipu ndogo isiyotumia betri. Pete ya antena iliyozunguka tundu la swichi huipa umeme kwa mawimbi, chipu hujibu kwa msimbo wake, na kompyuta ya gari ikiutambua ndipo injini inaruhusiwa kuwaka. Kwa hivyo ufunguo uliochongwa bila chipu utafungua mlango na kuzungusha stata, lakini injini itawaka sekunde moja au mbili kisha izime, au isiwake kabisa huku taa yenye mchoro wa ufunguo ikiwaka na kuzima kwenye dashibodi. Mchongo hauna kosa. Umeuziwa nusu ya ufunguo.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo si dogo. Gari la kuwasha kwa kitufe likikataa rimoti, mara nyingi betri ya rimoti ndiyo imekwisha. Chomoa kile chuma kilichofichwa ndani ya rimoti, fungua mlango wa dereva (tundu huenda limefunikwa na kifuniko kidogo kwenye kitasa), kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe hadi usikie mlio, kisha bonyeza. Betri mpya huwa CR2032 au CR1632. Soma iliyoandikwa kwenye ya zamani, kwa sababu upana wake si sawa. Na kama gari lilikataa kuwaka mara baada ya kubadilisha ganda la ufunguo, litafute ganda la zamani kabla hujalitupa: chipu bado imo humo, ndogo kama punje ya mahindi.

Ikiwa ufunguo umepotea kweli, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, upate nambari ya OB na abstrakti. Andaa kitambulisho na logibuku. Kama gari lina mkopo, jina la benki nalo limo kwenye logibuku, basi omba barua yao mapema. Fundi mwema atazitaka hati hizi. Asiyeziuliza kwako hatamuuliza mwizi pia, na fundi huyo atakuwa na msimbo wa gari lako.

Bei inategemea jambo moja kuliko yote: je, umebaki na ufunguo mwingine unaofanya kazi? Ukiwa nao, fundi anachomeka mashine kwenye soketi ya OBD (ile ya kupimia kompyuta ya gari) chini ya usukani, anausajili mpya, kazi imekwisha. Usipokuwa nao hata mmoja, tarajia kulipa mara mbili au zaidi, na hapo hulipii chuma bali habari. Umbo la meno lazima lipatikane, ama kwa nambari iliyo kwenye kile kibati kinachokuja na gari jipya, ama kwa kusoma kitasa chenyewe. Halafu kompyuta lazima ikubali kusahau funguo za zamani. Baadhi ya Toyota hukubali kupitia soketi ya OBD baada ya kusubiri kama robo saa. Nyingine zinalazimu boksi la kompyuta hiyo lifunguliwe nyuma ya dashibodi na kumbukumbu yake isomwe moja kwa moja kwenye bodi. Nissan nyingi hudai namba ya siri ya gari. Mercedes hujitenga: ukipitia wakala wake, ufunguo huagizwa kiwandani kwa nambari ya chasisi, na unasubiri.

Kwa Toyota ndogo yenye chipu ya kawaida, ni maelfu machache ya shilingi. Rimoti ya kuwasha kwa kitufe huvuka elfu kumi kwa urahisi, na magari ya Ujerumani hufika makumi ya maelfu. Usikubali bei moja ya jumla. Muulize akutenganishie: rimoti yenyewe ni ngapi, kuchonga ni ngapi, kusajili ni ngapi, kuja ulipo ni ngapi.

Maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ile Grogan ya zamani, yana rimoti za kila aina, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Gari lililotoka Japani husikiliza masafa ya kati ya megahezi 312 na 315, ilhali rimoti nyingi za soko la Ulaya ni 433. Zikiwekwa pamoja ni pacha, ila ya 433 haitafungua gari lako hata isajiliwe mara ishirini. Rimoti ya mtumba ina mtego wake pia: ya Toyota hujifunga kwa gari la kwanza, na isipofunguliwa upya kwa mashine haisajiliki. Usiinunue mwenyewe, mwache fundi ailete, naye awe wa kulaumiwa.

Ni afadhali fundi aje kuliko kulivuta gari. Bila ufunguo usukani umefungwa na gia imekwama kwenye P, kwa hiyo utahitaji lori la kubebea, si kamba. Kabla hajaanza, mwombe apime betri ya gari. Umeme ukishuka chini ya volti 12 katikati ya usajili, kompyuta yaweza kuharibika, na hapo unanunua boksi. Zima taa na redio, unganisha chaja au betri ya pili.

Malipo ya mwisho yasubiri majaribio. Fungua na ufunge kila mlango na buti. Washa, zima, funga gari, ngoja dakika tano, washa tena. Kwa rimoti ya kitufe, toa betri yake uwashe kwa kuigusisha, ujue chipu nayo imesajiliwa. Kisha mwambie akuonyeshe kwenye mashine idadi ya funguo zinazotambuliwa. Ilingane na zilizo mkononi mwako. Ikizidi, ule uliopotea bado unaliwasha gari. Hata ukifutwa, chuma chake bado kinafungua mlango, kwa hiyo kama ulipotea pamoja na pochi yenye anwani yako, badilisha vitasa.

Magari mengi ya mtumba hufika na ufunguo mmoja tu. Ukiwa na mmoja, chonga wa pili wiki hii. Piga picha kibati cha nambari, na kibati chenyewe kikae nyumbani, kisilale garini. Rimoti ya akiba usiiweke kando ya televisheni au kompyuta, kwa kuwa mawimbi yake humaliza betri upesi. Na mara moja kila miezi michache, washa gari kwa hiyo.