Kutandaza retina ya panya bila kupoteza upande wa juu

Mjomba wangu kule Kongwa alianza kugonga mwimo wa mlango kwa bega la kushoto miaka miwili kabla ya kuambiwa ana presha ya macho. Jicho halikuwahi kumuuma. Ni yeye aliyenifanya nikimaliza udaktari wa falsafa nisitoke maabara, nikaingia kwenye utafiti wa glakoma, yaani ugonjwa huo wa presha ya macho. Na ushauri wa kwanza ninaompa kila mtafiti mpya ni huu: tia alama ya upande wa juu kabla jicho halijatoka kichwani mwa panya.

Glakoma huua seli za ganglioni zilizo kwenye retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga; nyuzi za seli hizo ndizo zinazounda neva ya macho. Tunaitandaza retina ili tuzihesabu seli zilizobaki. Panya wa ukoo wa DBA/2J huupata ugonjwa huu wenyewe wakizeeka, na kwao seli hazifi sawasawa. Hufa kwa sehemu, mfano wa kipande cha chapati kilichokatwa kuanzia katikati hadi ukingoni. Mwaka wangu wa kwanza nilitandaza macho sita bila alama. Mawili yalikuwa na pengo kubwa, nami sikuweza kusema ni juu au chini. Panya wale walikuwa na miezi kumi, kwa hiyo kupata wengine wa umri huo kulimaanisha kuwalea miezi kumi.

Basi, panya akishakufa kwa njia iliyoidhinishwa na kamati ya maadili, choma nukta ndogo kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, upande wa juu. Toa jicho, liloweke kwenye paraformaldihaidi (kemikali ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 4 kwa saa moja, kisha lisuuze.

Chini ya hadubini, anza na mkato kutoka kwenye nukta kuelekea neva. Ufanye mrefu kuliko mingine yote, maana konea utaitupa na alama itaondoka nayo. Mkato huo ndio utakaobaki shahidi. Sasa kata konea kwa kuizunguka, toa lenzi, na ubandue weupe wa jicho taratibu. Retina ina unene wa takriban robo ya milimita tu, kwa hiyo isukume kwa brashi laini, usiivute kwa kibano. Ongeza mikato mitatu mifupi ili ifunguke kama ua lenye petali nne. Ute uliobaki juu yake uondoe wote, hata ukikuchukua nusu saa, kwa sababu huzuia kingamwili, yaani protini ya kutia alama seli unazozitafuta, kupenya.

Kwa kupaka rangi natumia kingamwili ya RBPMS, protini inayotambulisha seli za ganglioni, siku tatu kwenye friji. Usitegemee rangi ya viini peke yake, maana hiyo hupaka kila seli. Katika tabaka la seli za ganglioni la panya, karibu nusu ya seli ni amakrini, aina nyingine ya seli za retina, zilizohamia huko, na glakoma haiziui kama inavyoua za ganglioni. Ukizihesabu pamoja, hasara itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Unapoweka kwenye slaidi, upande uliokuwa ndani ya bakuli la jicho utazame juu.

Piga picha kumi na mbili: kila petali tatu, kwa umbali wa milimita 0.5, 1 na 1.5 kutoka kwenye neva. Usichague mahali panapopendeza. Petali ikichanika, andika kwamba imechanika, usihamie pembeni yake kimyakimya.

Halafu mpe mwenzako abadilishe majina ya mafaili ya picha, usijue lipi ni la jicho lililopewa dawa, na orodha ya majina halisi abaki nayo yeye. Mimi nataka sana dawa ninayoijaribu ifanye kazi, na mkono unaotaka hivyo huona seli hata penye ukungu. Hesabu zote kumi na mbili, za kila jicho, ziandike kwa kalamu ya wino, ndipo umwombe orodha.