Mwezi ukiificha sayari: jinsi ya kuivizia usipitwe

Mara ya kwanza nilipovizia mwezi kuifunika Mshtarii (Jupiter) nilikosa utamu wote na wala sio mawingu, anga lilikuwa safi kabisa. Kuzama niliiona vizuri tu, nikaenda zangu kunywa maji, nikarudi nikabandika jicho kwenye darubini kusubiri itokee, dakika zinaenda, nasubiri, kuja kushtuka kumbe imeshatoka zamani upande mwingine inaelea kama haijawahi kufichwa. Nilikuwa nimekodolea upande sio. Kwa hiyo haya ni maelezo ya mtu aliyeshaumbuka.

Kwanza kabisa, saa yako sio saa ya mwenzako. Mwezi uko jirani, wastani wa kilometa 384,400, sayari ziko mbali mno, hivyo ukihama mahali mwezi unaonekana umesogea ila sayari iko palepale. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho hili halafu lile, utaona kidole kinaruka na ukuta umetulia, ndo hicho hicho. Watu wawili waliotengana kilometa 1000 wanaweza kuuona mwezi umepishana karibu theluthi ya upana wake, ndo maana mmoja anaona sayari inamezwa na mwingine anaiona inapita pembeni bila hata kuguswa. Kwa hiyo muda uliotumiwa na rafiki usiumeze mzima mzima. Fungua Stellarium (programu ya ramani ya anga, kwenye kompyuta ni bure), weka mahali ulipo wewe, nenda kwenye tarehe, vuta mwezi uwe mkubwa halafu peleka muda dakika moja moja mpaka sayari iguse ukingo. Andika dakika ya kuingia, andika na ya kutoka, kwenye karatasi. Na angalia kama saa unazosoma ni za UTC (saa za kimataifa) au za kwako, na 20:14 ni saa mbili na dakika 14 usiku, msicheke, kuna watu wameamka saa nane kwa kosa hilo.

Sasa upande, ambao ndo ulinitoa jasho. Anga lote linaonekana kwenda magharibi, mwezi nao unaenda lakini unachelewa, kila saa unabaki nyuma kuelekea mashariki kama upana wake wenyewe. Yani kiukweli sio sayari inayoufuata mwezi, ni mwezi unaoirudia sayari. Hivyo sayari inaingia ukingo wa mashariki na kutokea ukingo wa magharibi, siku zote. Kama mwezi ndo unachomoza, ukingo wa mashariki ni ule unaokaribia ardhi, kama unazama ni ule wa juu. Halafu kuna suala la giza: mwezi unaokua una giza upande wa mashariki, kwa hiyo sayari inazama gizani na kutokea kwenye mwanga, na Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishaandika kwamba aliona hivyo hivyo, mwezi nusu ukaificha Mirihi upande wa kivuli ikatokea upande unaong'aa. Mwezi unaopungua ni kinyume chake. Mi napenda zaidi mwezi unaokua maana sayari inakatika hewani tu, ukingo wenyewe huuoni, unaona taa inazimwa na kitu kisichokuwepo.

Na kama unatumia darubini kubwa jua kwamba nyingi zinageuza picha, zingine juu chini, zingine kushoto kulia. Kabla ya tukio acha darubini imetulia bila kuigusa uone mwezi unakimbilia upande gani kwenye lenzi, huko ndo magharibi. Laiti ningejua hilo siku ile.

Vifaa sio lazima viwe vya kutisha. Zuhura au Mshtarii kwa mwezi mchanga utaona kwa macho matupu. Mwezi mpevu ni shughuli nyingine, kama tarehe 8 Desemba 2022 Mirihi ilipofichwa na mwezi ukiwa umejaa, mwanga wa mwezi unaimeza sayari ikikaribia ukingo, hapo utataka darubini ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za milimita 50) inatosha sana, egemea ukuta au kaa chini viwiko juu ya magoti mkono usitetemeke.

Ukiwa na darubini ya kukuza ndo utamu unaanza. Nyota ikifikiwa na mwezi inazimika papo hapo kwa sababu mwezi hauna hewa ya kuififisha na nyota yenyewe ni nukta tu, ila sayari ina uso, kwa hiyo inaliwa kidogo kidogo. Mshtarii inachukua kama dakika moja na nusu, unaona kabisa ukingo wa mwezi unaikata kama kisu, nusu, robo, kaukucha, basi. Na utashangaa rangi, Mshtarii inayowaka peke yake angani, pembeni ya mwezi inaonekana imefifia, kwa sababu mwanga wa jua unaoifikia ni mdogo mara 27 kuliko unaofika kwetu. Zohali ndo kabisa, kama imechorwa kwa penseli. Zuhura tu ndo haionewi aibu.

Zuhura inaweza kufichwa hata mchana, na inaonekana, ila hapo sifanyi utani: simama kwenye kivuli cha jengo ili jua liwe limezibwa kabisa ndipo uinue darubini. Jua likipita kwenye lenzi sekunde moja jicho limekwenda.

Picha, kwa simu: ishikize kwenye lenzi ya darubini, gusa mwezi kwenye skrini na ushushe mwanga mpaka uone mashimo yake, kisha rekodi video badala ya kubonya picha moja moja. Anza dakika tano kabla. Wengi wanaanza kurekodi sekunde za mwisho halafu simu inaanza kutafuta fokasi.

Kati ya kuingia na kutoka inaweza kufika saa nzima, au dakika chache tu kama mwezi unaikata kwa pembeni. Weka alamu. Dakika tano kabla rudi, tafuta upande sahihi, usihame. Ikitokea kwenye ukingo wenye giza ghafla kunachomoza kapunje ka mwanga palipokuwa patupu. Na kama ni Mshtarii usikimbilie kufungasha, miezi yake minne mikubwa nayo inatoka mmoja mmoja, na Callisto, mmoja wa hiyo minne, ikiwa mbali inaweza kukuweka hapo dakika 20 zingine.