Kuhamia Shelisheli kwa kazi ya hoteli: hatua za kufuata ukiwa bado Kenya

Mwongozo huu unamlenga Mkenya aliyepata, au anayekaribia kupata, kazi katika hoteli za Shelisheli, awe mpishi, mhudumu, mkandaji wa spa au fundi wa viyoyozi. Nimeuandika baada ya kumsaidia mpwa wangu, ambaye ni mpishi, kukamilisha taratibu za kwenda Mahé, kisiwa ambako mimi mwenyewe nimewahi kufanya kazi kwa mkataba. Ndege kutoka Nairobi huchukua takriban saa tatu tu. Karatasi ndizo zinazochukua muda.

Hatua ya 1: Kibali kitangulie tikiti

Kibali cha kazi cha Shelisheli, ambacho huko kila mtu hukiita GOP, huombwa na mwajiri na humfunga mfanyakazi kwa mwajiri huyo. Mkenya anayekwenda kutembea hahitaji viza, na hapo ndipo mawakala wasio waaminifu wanapopata mwanya: humwambia mtu aingie kama mtalii, kisha mambo yatapangwa akishafika. Ruhusa ya mgeni haimpi mtu haki ya kufanya kazi, kwa hiyo anayekubali mpango huo anajiweka mikononi mwa mwajiri anayeweza kumnyima mshahara akijua kwamba hana pa kushtaki. Wakala anayekuharakisha ununue tikiti kabla hujaona nakala ya GOP yenye jina lako, achana naye hapo hapo. Vilevile, tafuta jina la kampuni yake katika orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili huo uwe bado hai.

Hatua ya 2: Uliza ni kisiwa gani

Mkataba ukisema "Shelisheli" pekee, haujasema kitu. Nchi hiyo ina visiwa 115. Ukiwa Mahé utapanda basi la umma hadi Victoria, mji mkuu, na ukiwa Praslin au La Digue utatumia feri, lakini zipo hoteli zilizo peke yake kisiwani, ambako mfanyakazi hutoka kwa chombo cha mwajiri na kwa ratiba ya mwajiri. Desroches, kwa mfano, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Mahé na hufikiwa kwa ndege ndogo. Kwa hiyo mkataba utaje kisiwa, siku za mapumziko na nani anayelipia usafiri wa siku hizo. Pia utaje malazi, chakula, matibabu na tikiti ya kurudi nyumbani mkataba ukiisha. Malazi ndiyo ningeyapigania kuliko nyongeza ya mshahara, kwa sababu ardhi ni kidogo, bidhaa nyingi huagizwa kutoka nje, na kodi ya nyumba humaliza pesa haraka.

Hatua ya 3: Linganisha majina kabla ya kuomba cheti chochote

Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo iliyotula muda kuliko nyingine zote. Tandaza mezani pasipoti, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE na vyeti vya chuo, kisha usome majina herufi kwa herufi. Kwetu Pwani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mtu hutumia jina lake, la baba na la babu, na kila karani huliandika kwa sikio lake: Mohamed katika cheti kimoja, Muhammad katika kingine, na babu ameachwa kabisa katika cha tatu. Mwanamke aliyechukua jina la mume baada ya kuhitimu naye yumo katika kundi hili.

Rejea moja iwe pasipoti, hasa ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha yenye alama za <<<, kwa sababu hiyo ndiyo inayosomwa na mashine. Kinachoonekana hapo kama jina la ukoo huenda ni jina la babu yako, lakini ndicho kitakachotumika katika tikiti na maombi yote, upende usipende. Kama kitambulisho na pasipoti vinapingana, rekebisha kwanza hivyo viwili, kwa sababu cheti cha tabia njema huombwa kwa kitambulisho; ukikiomba mapema utalipia kosa lile lile mara ya pili. Tofauti ndogo ya tahajia katika cheti cha shule huelezwa kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili, ikitaja majina yote mawili kama yalivyoandikwa na kusema kwamba ni ya mtu mmoja. Jina lililobadilishwa hasa ni suala jingine: linahitaji hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa, wala kiapo hakitoshi. Na kiapo kimoja kitaje tofauti zote. Usiape kimoja kwa kila cheti, kwani rundo la viapo humtia shaka anayelisoma.

Hatua ya 4: Cheti cha tabia njema na uchunguzi wa afya

Omba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen na upeleke alama za vidole. Kwa uchunguzi wa afya, subiri orodha ya vipimo kutoka kwa mwajiri.

Hatua ya 5: Skani

Tumia skana halisi, si kamera ya simu. Kila hati iwe faili moja ya PDF yenye jina linaloeleweka, na itumwe kwa barua pepe. WhatsApp ni nzuri kwa salamu, lakini hufifisha picha na kuzika hati chini ya mazungumzo.

Hatua ya 6: Wiki za mwisho

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiiache hadi mkesha wa safari. Jaza pia idhini ya kusafiri ya Shelisheli mtandaoni. Usifunge mizigoni nyama, matunda, mbegu wala miche, kwani ukaguzi wao wa mimea na wanyama ni mkali.

Hatua ya 7: Ukishafika

Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Beba nakala za GOP na barua ya mwajiri unapokwenda kufungua akaunti ya benki, Nouvobanq au MCB kwa mfano. Laini yako ya Kenya iache ikiwa hai, kwa sababu namba za siri za benki ya nyumbani na M-Pesa zitaendelea kuja humo. Kiingereza kitakutosha kwa wageni, ila jikoni watu huongea Krioli, na anayeingia asubuhi akisema "Bonzour, ki mannyer?" (yaani "Habari za asubuhi, hujambo?") hupata mtu wa kumwelekeza haraka zaidi kuliko anayesubiri kuulizwa.