Hatua ya 4: jaza daftari kwa kushuka, usivuke

Kwa aliyekwama Hatua ya 4 kati ya 12 za Alcoholics Anonymous (vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe), ile ya kujihesabu, yaani kuandika kasoro na vinyongo vyako. Chukua kaunta buku, kunja ukurasa mara mbili upate safu nne: nani nina kinyongo naye, alifanya nini, kiliniumiza wapi (mfuko, heshima, ndoa), na mimi nilichangia nini. Kitabu chao cha mwaka 1939 kinaonyesha safu tatu. Hiyo ya nne wengi huiongeza, na ndiyo yenye kazi. Sasa, jaza safu ya kwanza yote kutoka juu hadi chini, majina matupu, ndipo uhamie ya pili. Mimi nilianza kwa kuvuka, yaani jina moja safu zote nne: jina la kwanza lilikuwa la shemeji, nikaandika kurasa tatu za hasira na kiu ikanirudia. Ukishuka, hasira haipati nafasi ya kuchemka, na kinyongo kinachojirudia unakiona haraka.

Haifai siku za mwanzo za kuacha pombe, mikono ikiwa bado inatetemeka. Hapo kwanza hospitali. Na kama ulidhulumiwa utotoni, safu ya nne iache wazi, kaa na sponsa wako (mwanachama mzoefu anayekuongoza).