Kesi ya mauaji yenye washtakiwa wengi: pima ushahidi wa kila mmoja peke yake

Tuseme watu wanne wamevamia duka la M-Pesa huko Kongowea saa mbili usiku. Mmoja amefyatua risasi na mwenye duka amekufa, wawili wamezoa pesa, na wa nne yuko nje juu ya bodaboda, injini haijazimwa. Wote wanaweza kutiwa hatiani kwa mauaji. Unayefuatilia kesi kama hii katika Mahakama Kuu ya Mombasa, uwe upande wa marehemu au wa mshtakiwa, chora jedwali. Andika jina la kila mshtakiwa, na mbele yake kila shahidi na kielelezo kinachomgusa yeye. Mstari ukibaki mtupu, huyo hana kesi ya kujibu, hata kama wenzake wamekamatwa na damu mikononi.

Kinachowafunga pamoja ni kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Lazima ithibitishwe kwamba waliazimia pamoja jambo haramu, kwamba kosa lilitendeka wakilitekeleza, na kwamba lilikuwa tokeo la kutarajiwa. Si lazima wawe walikaa kikao. Nia inaweza kuzaliwa palepale, nayo husomwa katika matendo. Ndiyo maana bunduki ni nzito: anayejua mwenzake ameibeba ni vigumu kudai hakutarajia mtu kufa. Lakini kuwapo tu pale hakutoshi. Mwenye boda aliyekodiwa kama abiria wengine, asijue lolote, hana nia ya pamoja. Aliyejua mpango na kungoja awatoroshe anayo. Aliyewaficha baadaye tu ana kosa jingine.

Kesi nyingi huvunjikia kwenye utambuzi. Uliza: taa ilikuwa ipi, na iliangaza wapi? Umbali gani, kwa muda gani? Muhimu kuliko yote, je, shahidi alieleza sura au mavazi aliporipoti mara ya kwanza? Omba nakala ya maandishi ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Maelezo yanayonenepa kila siku yanatia shaka. Kwenye gwaride la utambulisho, mshukiwa mmoja huchanganywa na watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, kimo na umbo, na anaruhusiwa kubadilisha nafasi kila shahidi anapotoka. Shahidi akiwa alishaonyeshwa picha yake kwenye WhatsApp, gwaride hilo ni kazi bure.

Simu ya marehemu ikipatikana kwa mshtakiwa, mambo manne yathibitishwe: ilipatikana kwake kweli, ni ya marehemu (IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenye boksi husaidia), iliibwa katika tukio hilo, na wizi huo ni wa karibuni. Simu hubadilisha mikono haraka, kwa hiyo wiki chache tu zaweza kuudhoofisha ushahidi huo. Rekodi za simu na video za kamera huambatana na cheti cha kuthibitisha rekodi za kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Ganda la risasi nalo lina safari yake. Nani aliliokota, nani akalifunga na kuliwekea alama, nani akalipeleka maabara? Jina moja likikosekana, wakili ataingilia hapo. Ripoti ya uchunguzi wa maiti nayo ioanishe jeraha na kifo.

Mshtakiwa mmoja akikiri na kuwataja wenzake, maneno hayo yanaweza kuzingatiwa dhidi yao, lakini ni ushahidi dhaifu usioweza kusimama peke yake.

Tangu uamuzi wa Muruatetu wa Mahakama ya Juu mwaka 2017, hukumu ya kifo si ya lazima kwa mauaji. Basi wakili wa yule wa bodaboda asikunje faili baada ya mteja wake kutiwa hatiani: jaji aelezwe ni sehemu gani hasa aliyoifanya, umri wake, na kama alishawahi kufungwa.