Kwanza injini, kisha miti: siku moja na watoto Nairobi

Wangu ni watatu, na safari hii tulikwenda na babu yao, kwa hiyo nasema kama mtu aliyebeba kikapu cha chakula na fimbo ya mzee kwa mkono mmoja.

Anzeni na Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya Nairobi. Fikeni asubuhi. Injini zimesimama nje juani, na ikifika saa saba chuma kimepata moto, mtoto hashiki ngazi. Vaeni viatu vya kufunika vidole na nguo ambazo hutazililia zikiingia kutu. Kitinda mimba wangu aling'ang'ania gauni jeupe la kanisani. Sasa ni gauni la kushinda nalo nyumbani.

Ndani kuna picha na vyombo vya zamani, dakika ishirini zinatosha. Nje, nendeni moja kwa moja kwa injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai, namba 5918. Iliundwa na Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955, na uzito wake ni tani 252. Usiwahubirie watoto, wape kazi: wahesabu magurudumu ya upande mmoja. Wangu walipata 12, wakabishana, wakapata 15, hadi babu alipowaonyesha kwa fimbo yale madogo yaliyojificha. Ni 14, kwa hiyo yote ni 28. Kisha waonyeshe jinsi bwela, lile pipa la kuchemshia maji, lilivyolazwa katikati, na magurudumu yakagawanywa makundi mawili, moja mbele na moja nyuma. Kila kundi hugeuka kivyake. Ndivyo jitu refu namna hiyo lilivyoweza kukunja kona juu ya reli yenye upana wa mita moja tu.

Pandeni chumba cha dereva, na kama mna mzee wa reli, nyamazeni yeye aongee. Babu yao, baba mkwe wangu, ujanani kazi yake ilikuwa kuangalia moto wa injini kama hizi. Mtoto wangu mkubwa akamuuliza kuni zilikuwa zikiwekwa wapi.

"Huyu hakula kuni," akasema. "Huyu alikunywa mafuta mazito. Waliokula kuni ni babu zake."

Lishikeni jibu hilo, mtalihitaji mchana.

Habari ya Ryall isimulieni kwa kipimo cha umri. Mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, afisa huyu wa polisi alikaa ndani ya behewa akimvizia simba mla watu. Usingizi ukampitia, simba akaingia, akatoka naye dirishani. Behewa lenyewe liko hapo makumbusho. Kitinda mimba wangu hakuogopa hata kidogo, aliuliza tu kama ni kima ya kwenye sambusa.

Mchana chukueni teksi hadi Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu. Wengi huiona kama mahali pa kupigia picha za harusi, lakini ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni inayokua upesi, ili injini za reli zipate kuni. Basi hapo ndipo pa kuwakumbusha watoto wale babu waliokula kuni. Maji yawe kwenye chupa za kudumu, kwa sababu plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi msituni. Uwe pia na salio la M-Pesa la kiingilio.

Tandikeni leso kwenye nyasi wazi, mbali na matawi, na chakula kitoke kikapuni kidogo kidogo, mfuniko ukifungwa kila mara. Hapa kuna kima wa kweli, wenye mikia.

Babu aliugonga mkaratusi mmoja mnene kwa fimbo, akaupima kwa macho kutoka shinani hadi kileleni. "Huu ungetufikisha Athi River," akasema, kisha akaomba chapati yake. Kugeuka, kikapu kiko wazi, na chapati ya mwisho iko juu ya mti.